Msiba wa Gavana kule Anoka

Glavu za sufu zilizolowa theluji, zikianikwa juu ya hita, hutoa harufu ya mbwa mzee aliyelala. Sina namna nyingine ya kuieleza. Wiki iliyopita nilikuwa katika duka la kufulia nguo, katika mji ambao sidhani nitakaa sana, akaingia mama mmoja na watoto wawili. Aliwavua glavu, akazipanga moja moja juu ya hita iliyo chini ya dirisha. Harufu ilipopanda nilizisahau nguo zangu kwenye mashine. Nilikuwa tena Anoka, mji mdogo wa Minnesota, Marekani, nina miaka kumi, nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi wa makao ya wazee, namsubiri Mama amalize shifti.

Nimehamahama sana tangu hapo. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, hutaja Morogoro, nilikoondoka nikiwa na miaka saba, kwa sababu ndilo jibu fupi. Lakini nikifumba macho na kujiambia “nyumbani”, kinachonijia ni ukumbi ule: supu ya karoti, kahawa iliyochemka mno, sabuni ya dawa, na glavu zangu nyekundu zikifuka mvuke.

Tulikuwa tukiishi katika apatimenti ndogo kule Blaine, mji wa jirani, miaka ya tisini. Baba alikuwa akisoma chuo Saint Paul na siku za mwisho wa wiki alilinda maegesho ya magari. Jumamosi hapakuwa na wa kuniangalia, basi Mama alinichukua kazini. Meneja wa makao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alikubali kwa sharti moja tu, kwamba nisikimbie kwenye korido. Sikukimbia. Nilisoma kila kitu kilichobandikwa ukutani, kuanzia orodha ya chakula mpaka karatasi ya masharti ya wafanyakazi, iliyokuwa ndani ya fremu kama picha ya harusi. Mfanyakazi asipokee zawadi ya mkaaji. Mfanyakazi asiingie nyumbani kwa familia ya mkaaji, kwa sababu yoyote ile. Atakayekiuka ataachishwa kazi. Niliijua kwa moyo kabla sijaelewa ilikuwa inamzuia nani.

Katika makao yale aliishi mzee aliyewahi kuwa gavana. Jina lake sitalitaja. Alikuwa ametawala jimbo zima la Minnesota, zamani sana, na Mama alipoambiwa mara ya kwanza hakuamini. Kwetu Morogoro, mkuu wa mkoa akipita tulitolewa madarasani tukajipange barabarani, vumbi mpaka kwenye kope, tukipungia gari lenye bendera ambalo halikupunguza hata mwendo. Sasa hapa kuna mtu aliyetawala eneo kubwa kuliko mikoa yetu kadhaa ikiunganishwa, naye anapanga foleni ya supu na trei yake mkononi, na wahudumu wanamwita kwa jina lake la kwanza, tena wamelikata nusu. Alasiri alicheza bingo, mchezo wa kubahatisha namba, na dereva wa trela mstaafu ambaye hakumheshimu hata chembe.

“Ulipandisha kodi ya dizeli, leo unataka na namba yangu?” dereva alimwambia. “Kaa chini, bwana mkubwa. Muda wako wa kutawala umekwisha.”

“Na barabara uliyoendeshea hilo trela alijenga nani?”

“Kodi yangu.”

Wazee wengine walicheka mpaka mmoja akapaliwa na biskuti, na gavana alicheka kuliko wote.

Mama hakuweza kuizoea hali hiyo. “Mimi siwezi kumwita mtu mzima jina lake kama naita mbuzi,” alisema tukiwa garini. Alimwita Mheshimiwa, na mimi akaniamuru nimwamkie kila Jumamosi. Mara ya kwanza niliposema “Shikamoo, Mheshimiwa,” mzee alimtazama Mama, Mama akamfundisha kujibu. Tangu siku hiyo aliitikia “Marahaba” kwa sauti nzito, ameinua kidevu, kama mtu anayekula kiapo. Nadhani yale yalikuwa maneno yaliyompendeza kuliko pipi za mnanaa alizoficha mfukoni.

Januari ya mwaka wa tatu, Babu yangu, baba yake Mama, alifariki Morogoro. Habari zilikuja kwa simu ya jikoni. Mama alizipokea amesimama, na mazungumzo yalipokwisha aliendelea kushika mkono wa simu sikioni, akisikiliza mlio mtupu. Hakwenda kuzika. Karatasi zetu za ukaazi zilikuwa zinabadilishwa, na mwanasheria alishatuonya kwamba atakayetoka nchini asitarajie kurudi. Jumapili wanawake wa Kitanzania waliokaa mji wa Burnsville walikuja, wakakaa saa moja katikati ya shifti zao, wakaimba wimbo mmoja, wakaondoka wakitazama saa. Hayo ndiyo yaliyokuwa matanga ya Babu yangu upande wetu wa dunia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa mlangoni mwa chumba cha gavana Mama alipokuwa akimnyoa. Alikuwa amefika nusu ya uso.

“Mkono wako leo haupo hapa,” mzee alisema.

Mama akamwambia. Gavana aliushika mkono wenye wembe, akauweka polepole juu ya meza. Kisha akauliza, watu wa kwenu mkifiwa mnafanya nini. Mama, kwa Kiingereza chake cha kuhesabu maneno, alieleza kwamba watu huja wakakaa. Viti vinatolewa nje, mikeka inatandikwa, wanawake wanalala chini na mfiwa, vyungu haviepuliwi jikoni, mpaka mfiwa alie akamalize.

“Sisi huku,” gavana alisema, “tunaleta bakuli la chakula mlangoni, tunasema pole, tunaondoka kabla halijapoa.” Akamtazama Mama. “Na wewe, nani anakaa nawe?”

Mama aliokota taulo, akaanza kulikunja.

“Basi kaa hapa. Mimi sina pa kwenda.”

Mama alikaa pembeni ya kitanda chake muda wote wa mapumziko yake, dakika kumi na tano. Povu lilimkaukia mzee shavuni na hakulifuta. Nilichoka kusimama nikarudi ukumbini kwenye glavu zangu, nikawaacha wakiongea kwa sauti ya chini.

Gavana alifariki mwezi wa tatu, theluji ikiwa imechakaa na kuwa ya kijivu kando ya barabara. Bendera zote za Anoka zilishushwa nusu mlingoti: ya posta, ya shule, hata ile kubwa ya duka la magari. Televisheni ilionyesha akiwa kijana, nywele nyingi, akikata utepe. Walisema ibada kubwa itafanyika Saint Paul wiki inayofuata, na viongozi watakuwepo. Mama alikuta kitanda kimeshatandikwa shuka jipya. Alirudi nyumbani, akatoa chini ya kabati sufuria zote mbili kubwa, zile za sikukuu, akaanza kupigia simu wanawake wa Burnsville.

Mama Njeri, Mkenya aliyefanya naye kazi makao yale, alisikia akaja mbio. Alisimama jikoni kwetu hajavua koti.

“Wewe Mama Neema, umesoma ile karatasi iko kwa ukuta?”

“Nimeisoma.”

“Hujasoma. Ungekuwa umesoma hungekuwa hapa unachagua mchele wa watu mia.”

“Gavana amekufa, dada yangu. Unafikiri watakuja watu wangapi?”

“Si hesabu ya watu naongea! Uki-step tu kwa hiyo nyumba ya family, umefutwa. Hawatakuuliza pilau ilikuwa aje. Na hiyo kazi ndiyo inalipa rent mpaka mzee wako amalize masomo. Ama nimekosea?”

Mama aliendelea kuchagua mchele. Mimi nilikuwa chini ya meza na daftari langu la hesabu, na nakumbuka vidole vyake vikitembea kwenye sinia bila haraka.

“Baba yangu nilimkosa,” alisema. “Huyu yuko dakika ishirini kwa gari. Alikaa kwenye msiba wangu, Mama Njeri. Nami nitakaa kwenye wake.”

Mama Njeri alivuta pumzi kama anayetaka kupiga kelele. Kisha akavua koti. “Lete hivyo vitunguu. Nyinyi Watanzania mnakata vitunguu kama kuni. Lakini mimi siji huko, mnanisikia? Siji.” Hakuja kweli. Lakini alikata vitunguu vyote, akilia, na akasema ni vitunguu.

Tulikwenda Jumamosi, wanawake wanne na mimi, katika magari mawili, sufuria zimefungwa mablanketi. Alikuwemo Bibi Salome wa Burnsville, aliyeletwa na mwanawe kulea wajukuu, ambaye hakujua Kiingereza na hakuona sababu ya kukijua. Mama aliegesha mbali, mwanzo wa barabara, ili tusizibe njia ya wakubwa. Tulibeba zile sufuria kupitia matope ya theluji, tukipokezana, kanga zimekunjwa juu ya mabuti, na kila tulipopiga hatua nilitafuta kwa macho yale magari ya serikali, polisi, umati.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyumba ya chini, ya kawaida, karibu na mto, na gari moja dogo limeegeshwa.

Bibi Salome alitua sufuria. “Mama Neema, una hakika ni hapa?”

Mlango ulifunguliwa na binti yake gavana, Ellen. Nilikuwa nimemwona mara moja mbili makaoni. Alikuwa na soksi tu miguuni na kikombe cha chai kilichopoa mkononi. Alitazama sufuria, akatutazama sisi.

“Chakula ni cha Jumanne,” alisema kwa upole. “Kanisani. Nadhani mmekosea siku. Nani amewatuma?”

Kiingereza cha Mama kilimtoroka chote. “Mwambie,” aliniambia, “msibani hatumwi mtu. Mwambie tumekuja kukaa.”

Nikamwambia. Ellen akauliza, mpaka saa ngapi? Nikamgeukia Mama.

“Mwambie mpaka atuchoke.”

Nilitafsiri neno kwa neno. Ellen alicheka, na kicheko kikavunjika katikati, akaweka mkono mdomoni. Akasogea, tukaingia. Baadaye alituambia kwamba majirani wote walikuwa wameacha kadi na bakuli mlangoni tangu Jumatano na kuondoka kwa nyayo za paka, wasije wakamsumbua. Kwao hiyo ndiyo heshima, na waliitoa yote. Alikuwa amekaa ndani ya heshima hiyo siku tatu, peke yake.

Bibi Salome hakungoja kukaribishwa. Alisukuma kochi mpaka ukutani kwa makalio yake, akatandika kanga juu ya zulia. Na hapo Mama, aliyekuwa hajalia tangu Januari, alisimama katikati ya sebule ya watu na kupiga ukelele.

“Baba! Baba yangu! Baba, nimechelewa!”

Ninyi mnaonisoma mmesikia vilio vya namna hiyo, mnajua. Mimi sikuwa najua, au nilikuwa nimesahau. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitazama dirishani kama kuna jirani. Nilitaka kumwambia Ellen kwamba Mama si hivi, kwamba nyumbani hata sauti hapandishi. Wanawake walimpokea Mama wakamkalisha chini, na nikashangaa kwamba walikuwa wanamshika yeye, si binti wa marehemu. Ellen alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kikombe chake. Kisha akakiweka chini, akapiga magoti, akaja kwa magoti vilevile kama mtoto mpaka kwenye kanga. Walisogea wakampa nafasi. Naye akalia, kwa sauti ambayo sidhani nyumba ile iliwahi kuisikia.

Walipomaliza, walikula pilau. Mchele wa watu mia ulikuwa umejaa jikoni, na sisi tulikuwa sita. Bibi Salome alisema maiti imeheshimiwa, kilichobaki kitagandishwa. Alasiri Ellen alileta gazeti lenye picha ya baba yake ukurasa mzima, akataka kutusomea. Nikawekwa katikati nitafsiri.

“Anasema nini, mjukuu wangu?” Bibi Salome aliuliza.

“Anasema alijenga daraja.”

“Daraja! Wa kwetu alijenga ofisi yake. Endelea.”

“Aliongeza shule. Alizuia matajiri wasifunge njia za kwenda ziwani.”

“Haya, huyo mtu. Endelea.”

Ellen alisoma kwamba kati ya mambo yote, mwenyewe alijivunia zaidi sheria moja, ya makao ya wazee. Alianza kusoma ilichosema, na sauti yake ikapungua mwendo. Mfanyakazi asipokee zawadi. Mfanyakazi asiingie nyumbani kwa familia. Maneno yalikuwa yale yale ya kwenye fremu. Nilijua yanayokuja kabla hajayafikia. Nilimtazama Mama, amekaa kwenye zulia la nyumba ya familia, mgongo umeegemea kochi la familia.

“Mbona umenyamaza?” Bibi Salome akauliza.

Mama aliniangalia. “Tafsiri, Neema.”

“Aliwalinda wazee,” nikasema.

Lilikuwa ndilo jambo fupi kuliko yote la kweli nililoweza kupata. Mama aliinamisha kichwa kukubali. Ellen alikunja gazeti mara mbili, akalikalia. “Hakuna atakayejua,” alimwambia Mama.

Saa kumi kengele ya mlango ililia. Alikuwa meneja wa makao, amevaa koti jeusi, ameleta maua kwa niaba ya wenzake, masharti yakimruhusu kufika mlangoni tu. Ellen alijaribu kusimama mbele yake, lakini meneja alikuwa mrefu. Aliona juu ya bega lake. Alitamka jina la Mama, taratibu, kama mtu aliyeokota kitu ambacho angeomba asikione. Akampa Ellen maua, akaondoka.

Jumatatu Mama aliachishwa kazi. Mama Njeri alitusimulia kwamba meneja ndiye aliyelia ofisini, na Mama ndiye aliyemtafutia kitambaa. Ellen alipiga simu makaoni mara mbili kumwombea. Aliambiwa kwamba familia haina uwezo wa kusamehe kosa hilo, na kwamba sheria iliandikwa hivyo makusudi. Baba aliahirisha masomo muhula mzima akafanya kazi usiku na mchana. Tulihama Blaine, tukabanana na familia ya mwanawe Bibi Salome kule Burnsville, na mimi nikaanza shule mpya katikati ya mwaka, nikila chakula cha mchana peke yangu karibu na mlango. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kuhamahama kwangu. Nilimchukia gavana kwa chuki kamili ya mtoto. Nilijiuliza mtu gani huandika sheria ya kumfukuza aliyempenda.

Miaka ilipita. Niliishia sekondari, nikafanya kazi nilizozipata, na nyingi zilikuwa za kuhudumia wazee, katika majimbo tofauti. Mahali pamoja masharti yalikuwa legelege, hakuna aliyeyafuata. Palikuwa na bibi mmoja mpole, na mhudumu aliyemzoea sana, aliyekwenda kwa watoto wa bibi huyo siku za sikukuu, akiitwa dada, akiwapelekea keki. Nami alinipa keki hiyo, ilikuwa nzuri. Ilipokuja kujulikana, nyumba ya yule bibi ilikuwa imeshaandikishwa kwa jina la mhudumu, na bibi hakuelewa kwa nini dada haji tena. Aliniuliza kila asubuhi. Siku moja nilikaa garini baada ya shifti nikamfikiria gavana wetu wa bingo. Alikuwa amemwandikia sheria huyu bibi. Hakuwa na namna ya kuandika sheria itakayomtambua Mama mlangoni na kumpisha.

Kwa hiyo nilimsamehe, lakini nilibaki na jambo moja moyoni. Niliamini kwamba Mama hakujua. Gazeti lile lilikunjwa, na mimi ndiye niliyemficha, kwa maneno yangu mawili, kwamba mtu aliyekuwa akimlilia ndiye aliyeiandika karatasi ya ukutani. Nilikaa na siri hiyo zaidi ya miaka ishirini, nikidhani namlinda.

Mwaka jana nilikwenda Morogoro. Mama alirudi huko zamani, baada ya Baba kufariki. Amekuwa mdogo, mabega yake yamekuwa kama ya msichana. Tulikuwa uani tunachambua mchicha, nikamwambia yote. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

“Neema, mwanangu! Alinieleza mwenyewe. Siku ile ile, nusu ya uso ina povu.” Akanisimulia kwamba mama yake gavana aliwahi kunyang’anywa kila kitu na mhudumu aliyekuwa akiingia kwao kama ndugu, na ndiyo sababu aliiandika sheria ile. “Aliniambia, ‘Mimi nikifa usije kwangu, watakufukuza, na watakuwa sahihi.’ Nikamwambia ni sheria nzuri, Mheshimiwa. Wala sikuwa namridhisha.”

“Sasa kwa nini ulikwenda?”

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini watu hula. Mikono yake ilikuwa imerudi kwenye mchicha.

“Sheria ilikuwa nzuri,” alisema. “Mimi nilikuwa nimefiwa.”